Salamu Baadaye

Paskali alinipigia simu leo baada ya adhuhuri, nikiwa kibarazani kwetu Usagara, Tanga, nachambua mchele, akasema, "Mwali, Bi Mwanaidi amekufa. Alfajiri ya leo, nyumbani kwake. Anazikwa kesho saa nne, wanamngoja mwanawe wa Mombasa." Kisha akaongeza, "Haya, sasa hujambo? Mama hajambo?" Nikamjibu kwamba nimepokea, kwamba mimi sijambo, na mama hajambo pia ila amelala. Jirani yangu Mwajuma alikuwa amekuja kuazima ungo, na simu yangu ina sauti ya kusikika hadi msikitini, kwa hiyo alisikia yote akashika kifua. Alitaka kujua ni mshenzi gani huyo anayemwaga msiba mlangoni kwa watu kama maji ya vyombo, bila hata kuuliza hali. Nikamwambia ni Mnyamwezi, mtani wetu. Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba hilo linatosha, akaenda zake na ungo. Halikutosha, lakini maelezo yangekuwa marefu na yeye alikuwa na maharage jikoni. Ukweli ni kwamba Paskali alikuwa anatii amri ya marehemu mwenyewe, na kwamba katika watu wote watakaopeleka habari za kifo hiki leo, huenda yeye ndiye pekee aliyezipeleka jinsi Bi Mwanaidi alivyotaka.

Kwetu msiba hauletwi hivyo. Kwetu mtu aliyekufa huanza kwa kuumwa. Unapigiwa simu, unaulizwa kuhusu watoto, mvua na bei ya samaki, halafu unaambiwa fulani hajisikii vizuri, ukipata nafasi uje umwangalie. Unafika, unakuta turubai limefungwa na viti vimepangwa uani, na hapo unaelewa mwenyewe bila mtu kulazimika kukutamkia. Ni adabu, na mimi nimelelewa humo. Mama yangu, ambaye sasa hivi amelala chumba cha kati huku mlango umeegeshwa, alikuwa anapelekeana sahani za Idd na Bi Mwanaidi tangu mwaka ule ninaotaka kuueleza. Akiamka kwa sala ya alasiri itanibidi nimwambie. Mpaka hapo nina mchele wa kuchambua na muda wa kufikiri, vitu viwili ambavyo katika maisha yangu sijawahi kuvikosa.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu yalikuwa ya aina inayombakiza mtu nyumbani. Mimi sikulalamika. Wenzangu waliona kubaki nyumbani kama adhabu, mimi niliona kama ufadhili. Dar es Salaam nilikuwa nimefika mara moja nikarudi na basi lile lile. Hata mke, baadaye, nilimpata nyumba ya tatu kutoka kwetu, na siku ya kwenda kumposa nililalamikia umbali. Ndiyo maana Paskali aliponijua kwa juma moja tu akanibatiza jina la Mwali, kwamba nakaa ndani kama binti anayengoja kuozwa, na jina likaning'ang'ania mpaka leo nina mvi. Kazi yenyewe niliipata kwa sababu ya tabia hiyo hiyo. Bi Mwanaidi, msimamizi wa ofisi moja ya kutunza kumbukumbu pale Barabara ya Nane, alikuwa anatafuta mtu anayeandika Kiswahili safi, anayekaa karibu, na ambaye akihitajika siku yoyote atapatikana. Aliuliza mtaani, akaambiwa yupo kijana ambaye hajawahi kukosekana.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya chini ya nyumba ya zamani yenye kuta nene. Hospitali na zahanati za mkoani zilituletea mafaili ya wagonjwa na picha za eksirei, tukazihifadhi ndani ya kabati la diski za kompyuta lililokaa chumba cha nyuma. Hicho kilikuwa chumba pekee Tanga nzima ambamo nimewahi kuona watu wakivaa sweta. Bi Mwanaidi alivaa koti la marehemu mumewe juu ya baibui, koti refu la kijivu lenye mifuko iliyojaa karafuu na vifungo, akasimama mbele ya mlango wa kioo wa lile kabati mikono nyuma kama mkaguzi wa gwaride. Ndani, diski zilikuwa zimepangwa kama mikate ya boflo kwenye trei, kila moja na taa yake ya kijani, na zote pamoja zilivuma kwa sauti ya mtu anayetaka kuimba akaghairi. Paskali ndiye aliyekuwa fundi wake. Baba yake aliletwa kutoka Tabora kukata mkonge, yeye akazaliwa kambini kule njia ya Muheza, akasoma kwa mapadri mpaka chuo, na alikuwa anazungumza Kiswahili cha Tanga kuliko sisi, ila akikasirika ndiyo Unyamwezi unatoka. Wa nne wetu alikuwa kaka Hemedi wa Tongoni, mtu mzima, mpole, aliyekaa zamu ya kuangalia taa.

Tatizo lilikuwa kwamba kabati lilikuja na kitabu cha Kiingereza kinene kama msahafu, na kaka Hemedi, aliyekuwa ana kwa ana na kabati hilo kuliko sisi sote, Kiingereza chake kiliishia kwenye namba. Makao makuu ya Dar yalikuwa yameshasema wazi kwamba hawaoni sababu ya mashine kama ile kukaa Tanga. Mwisho wa mwaka wangekuja kuamua. Likipotea faili la mgonjwa mmoja tu, kabati lingepakiwa kwenye lori, Bi Mwanaidi angestaafishwa kabla ya wakati, na sisi wengine tungehamishiwa Dar. Watu waliposikia hilo walinipongeza. Nilirudi nyumbani nikashindwa kumaliza bada, ule ugali wetu wa muhogo, na mama akanishika paji la uso kupima homa. Basi nilipoambiwa kazi yangu ni kuandika mwongozo wa Kiswahili ili mtu wa zamu ajue la kufanya taa ikibadilika rangi, sikuandika kama mwajiriwa. Niliandika kama mtu anayetetea kitanda chake.

Maneno tuliyatafuta kwenye korido, saa ya chai, kwa sababu ndani palikuwa na baridi na Bi Mwanaidi hakuruhusu kikombe kuvuka kizingiti. Kulikuwa na meza moja ya mninga iliyochechemea, chupa ya chai ya rangi yenye tangawizi, na vitumbua au mihogo kutegemea nani kaamkaje. La kwanza lililotusumbua lilikuwa jambo hili: faili likifika, kabati haliliandiki kwenye diski papo hapo, maana huko ni kazi ya polepole. Hulipokea kwanza kwenye kumbukumbu ya haraka inayolindwa na betri, likajibu "nimepokea", halafu likaliingiza kwenye diski baadaye likipata nafasi. Paskali alitaka tuseme kashe tu, kama Wazungu, tumalize. Mimi nikasema kwetu hicho ni kibaraza. Mgeni akija unampokea mzigo wake, unauweka kibarazani, unamwambia karibu, naye anajiona amefika. Lakini bado hajaingia ndani, na mvua ikinyesha kabla hujaingiza mzigo wake, utalowa. Betri ndiyo bati la kibaraza. Bi Mwanaidi alitafuna muhogo wake taratibu, akauliza kama mtu anaweza kuliamuru kabati lisipokee kibarazani, lipeleke ndani moja kwa moja ndipo lijibu. Paskali akasema inawezekana, ila kazi inakuwa nzito. "Basi andika kibaraza," akaniambia, na tangu hapo nikawa mtu wa maana kuliko nilivyostahili.

Mengine yalikuja kwa kufuatana. Faili moja hukatwa vipande, kila diski ikaandika chake kwa wakati mmoja, na hilo Bi Mwanaidi alilijua mara moja: ni khitma. Kila msomaji na juzuu yake, na kwa muda mfupi msahafu mzima umesomwa. Paskali, ambaye Ukatoliki wake ulikuwa haujamfundisha hili, aliuliza kama msomaji mmoja akitoroka na juzuu yake inakuwaje. Akajibiwa kwamba hakuna khitma. Hapo akafurahi, akasema ndiyo maana kunawekwa kipande cha ziada. Kipande hicho si nakala ya chochote. Ni hesabu inayotokana na vipande vingine vyote, kiasi kwamba diski moja ikikosekana, ukiziuliza zilizobaki pamoja na hicho cha ziada, unapata kila kitu kilichokuwa kwa aliyekosekana. Zikikosekana mbili kwa pamoja, basi, hakuna wa kuulizwa. "Huyo ni shahidi," alisema Bi Mwanaidi, akaongeza kwamba nusu ya mirathi ya mji huu imegawanywa kwa njia hiyo. Kisha ikabaki diski moja iliyokaa humo bila kazi, inakula umeme tu, ikingoja mwenzake aanguke ichukue nafasi yake na kujazwa yaliyokuwa yake. Paskali akapendekeza tuiite mke mdogo. Bi Mwanaidi, ambaye mumewe aliwahi kuwa naye mmoja, alimtazama kwa juu ya miwani mpaka Paskali akanywa kikombe kizima bila kupumua. Tukaiita mrithi.

Na ule muda wa hatari, tangu diski moja ianguke mpaka mrithi amalize kujazwa, ambapo kabati linafanya kazi lakini halina akiba yoyote, Bi Mwanaidi mwenyewe alitoa jina. Mwaka ule ndio kwanza alikuwa ametoka eda. Alisema mwambieni Hemedi kabati liko edani, na hamtahitaji kumwambia la pili. Atajua kwamba halibebeshwi mizigo, halihamishwi, halisumbuliwi, na watu wanapunguza sauti. Nikaandika. Lakini nilipofika kwenye diski yenyewe, ile iliyosababisha eda, na kuandika kwamba imekufa, alichukua kalamu akanifutia. Alisema kifo ukikitaja unakiita. Alisema mtu hawezi kupokea simu asubuhi akaambiwa imekufa, kana kwamba hakulelewa. Paskali alicheka mpaka akashika meza, meza ikachechemea. "Bi mkubwa," alisema, "shahidi tunaye, mrithi tunaye, eda tumekaa. Bado maiti tu, na ndiye uliyemkataa." Hakubadilisha. Mwongozo ukatoka ukisema kwamba diski ikipata udhuru, mwenye zamu amjulishe msimamizi au msaidizi wake, yaani mimi, kwa utulivu. Kaka Hemedi aliusoma wote mara moja, akasema hiki ndicho Kiswahili, na kwamba mwandishi wake ni mtu aliyelelewa. Paskali akamwambia ni kweli, amelelewa, na bado wanaendelea kumlea.

Kwa kawaida siku za Idd Paskali ndiye aliyeshika zamu, na Krismasi kaka Hemedi akamlipa. Lakini mwaka ule betri ya kibaraza ilianza kuchoka mwishoni mwa Ramadhani, Tanga haikuwapo nyingine, na aliyekuwa nayo alikuwa Mombasa. Paskali akaenda kuifuata, akapanga kurudi siku ya Idd yenyewe, na kaka Hemedi akaswali mapema akaenda kukaa na kabati. Mimi nilikuwa nyumbani, hilo halihitaji kuelezwa, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi na mbele yangu sinia la pilau na achari ya embe, simu ilipolia. Kaka Hemedi alinitakia Idd njema. Akauliza kuhusu mama, kuhusu pilau kama imeiva vizuri, na nyama kama ilikuwa ya mbuzi au ya ng'ombe. Akasema kwao Tongoni wamechinja. Kisha, kwa sauti ya mtu anayepita njia, akasema kabati limepata udhuru kidogo, si jambo la haraka, nile kwanza, na nikifika tutazungumza. Nikala, kwa sababu niliambiwa nile na si mtu wa kubishana na wakubwa.

Kwenda Barabara ya Nane siku ya Idd bila kupita kwa Bi Mwanaidi ingekuwa tusi, kwa hiyo nikapita. Alikuwa sebuleni na wageni, ananukia udi, akanisukumia sahani ya visheti kabla sijakaa. Nikamsalimia, nikamwambia naelekea ofisini, kaka Hemedi amepiga simu kwamba kuna udhuru kidogo, si wa haraka. Aliendelea kumimina juisi ya ukwaju kwenye glasi ya mgeni. Halafu mkono ukasimama.

"Alikwambia ule kwanza?"

Nikasema ndiyo.

Aliweka jagi chini, akainuka, akachukua mtandio huku anatembea. Hakuwaaga wageni. Nilimfuata na sahani ya visheti mkononi, sijui kwa nini, naye njiani akajiuliza mwenyewe tangu saa ngapi.

Tulimkuta kaka Hemedi amezima redio, amevua viatu, amewasha ubani kwenye korido. Alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni ya kabati kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Aliinuka akamwambia Bi Mwanaidi akae kwanza. Bi Mwanaidi akasema hakai, na ubani utolewe nje. Hapo ndipo yalipoanza kutoka, moja moja, kila moja likiwa limefungwa kwa kitambaa. Diski moja ilikuwa imepata udhuru tangu asubuhi, alipoingia tu zamu. Na mrithi? Mrithi alikuwa hajisikii vizuri, yaani taa yake haikuwaka kabisa. Na ile ya pembeni yenye taa ya njano inayopepesa? Kaka Hemedi akatazama sakafu akasema hiyo nayo ilikuwa inaumwaumwa. Alikuwa amefuata mwongozo neno kwa neno. Amejulisha, na amejulisha kwa utulivu, na lile kubwa amelihifadhi mpaka wahusika wafike waambiwe wakiwa wamekaa. Hivyo ndivyo baba yake alivyoambiwa habari za babu yake. Kabati lilikuwa edani tangu asubuhi bila mrithi, shahidi yuko peke yake, na wa pili anakata roho, na mkoa mzima wa eksirei umekalia taa moja ya njano. Niliona lori la kwenda Dar limeegeshwa mlangoni, na kitanda changu kiko juu yake.

Paskali alikuwa Horohoro, kwenye foleni ya kuvuka, mahali ambapo simu haijui iwe ya Kenya au ya Tanzania. Nilijaribu mara kadhaa ikakatika. Ilipokubali nikaanza kumsalimia, naye akaanza utani wake, kwamba Waswahili wamekula pilau yake yote wakamkumbuka kwenye ukoko. Bi Mwanaidi alininyang'anya simu. Mumewe alipofariki, kaka Hemedi aliwahi kunisimulia, alisema ametutoka, amepumzika, ameitika wito, na lile neno moja hakulitamka siku zote za matanga. Sasa alishika simu kwa mikono miwili.

"Paskali, nyamaza. Diski moja imekufa. Imekufa tangu asubuhi. Mrithi hajaamka, na ya pili inakufa. Sema tufanye nini."

Kisha Paskali akaongea haraka na bila mzaha. Kabati lisizimwe, hata likisema lizimwe. Kazi zote kutoka hospitali zisimamishwe. Kwa kuwa betri ni mbovu, kibaraza kisafishwe, kila kilichopo kiingizwe ndani, na tangu hapo mzigo upokelewe moja kwa moja. Halafu mrithi avutwe nje ya tundu lake, taratibu, arudishwe na kusukumwa mpaka akite. Ile ya njano isiguswe wala isitazamwe sana. Bi Mwanaidi alirudia kila neno kwa sauti, mimi nikafanya. Mikono yangu ilikuwa imezoea mchele, haikuzoea vitu vya watu, kwa hiyo kaka Hemedi akanishika kiwiko. Mrithi alitoka. Mrithi akarudi. Alipokita ulisikika mlio mdogo kama wa kifungo cha koti, taa yake ikawaka, na kwenye kioo cha kompyuta ukatokea mstari mwembamba wa kujaza, mfupi kama ukucha.

Kilichobaki kilikuwa kungoja, na kungoja ndiyo fani yangu. Tulikaa korido. Habari zilikuwa zimeshafika mtaani kwamba Bi Mwanaidi hajakaa na wageni wake, na bila mtu kuuliza sababu, masinia yakaanza kuja ofisini: pilau ya nyumba hii, biriani ya nyumba ile, halwa, mkate wa kumimina. Mama naye alileta sahani, na ndiyo siku waliyojuana. Alichungulia kupitia mlango wa kioo, akauliza mgonjwa ni yupi, akaonyeshwa taa ya njano, akaiombea dua fupi. Mstari ulikuwa umefika katikati umeme ulipokatika. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Ule uvumi tulioishi nao mwaka mzima ulishuka, ukashuka, ukaisha, na taa zote zikazima pamoja. Kaka Hemedi alikimbilia jenereta uani. Bi Mwanaidi alikuwa ameniuliza kama kibaraza ni kitupu, nikamwambia ni kitupu, hakuna cha kulowa. Hilo lilikuwa moja. La pili hakuliuliza kwa sababu Paskali alishatufundisha mara nyingi kwenye ile meza inayochechemea: diski mgonjwa ikisimama, mara nyingi haisimami tena kuzunguka. Jenereta likakohoa, likashika. Taa za kijani zikarudi moja baada ya nyingine kama watu wanaoitwa majina darasani. Ya njano haikuitika. Bi Mwanaidi aliweka kiganja juu ya kabati. Ndani ukasikika mlio wa kukwaruza, kama mlango wa zamani, na ile taa ikawaka njano, ikapepesa, na mstari wa kujaza ukaendelea pale ulipoachia.

Paskali aliingia jua likiwa linaelekea kuzama, ana vumbi mpaka kwenye kope, betri amekumbatia kama mtoto. Alipita kati yetu na masinia bila kumsalimia mtu yeyote. Alikaa mbele ya kile kioo mpaka mstari ukafika mwisho, mrithi akawa mwenye nyumba, kisha Paskali akachomoa ile ya njano akaweka nyingine aliyoitoa kwenye boksi alilokuja nalo. Ndipo akageuka, akafuta uso kwa kanga ya mama yangu iliyokuwa karibu, akasema, "Shikamoo Bi Mwanaidi."

"Marahaba," akajibu. "Idd njema. Pilau yako ipo."

Hakuna faili lililopotea. Siku ya kwanza ya kazi baada ya sikukuu, Bi Mwanaidi alidai mwongozo, akafungua ukurasa wa udhuru, akaufuta kwa kalamu ile ile, na kuandika juu yake kwa mkono wake: Diski ikifa, sema imekufa. Sema kwanza. Salamu baadaye. Kaka Hemedi aliusoma akahuzunika, na kwa miezi kadhaa kila alipopiga simu alianza kwa kusema hakuna aliyekufa, ndipo asalimie. Mwisho wa mwaka walikuja wale wa Dar. Mmoja wao, bwana wa miwani ya dhahabu, aliusoma mwongozo wetu kwenye korido huku anacheka kwa kila neno, kibaraza, shahidi, mrithi, akafika kwenye eda akaacha kucheka, akamuuliza kaka Hemedi kabati likiwa edani anafanya nini. Kaka Hemedi akamjibu yote bila kutazama karatasi. Kabati likabaki. Lilibaki miaka mingi, mpaka mafaili yalipoanza kupita angani kwenda kukaa mahali ambapo hakuna mtu wa kuyasomea taa, na ofisi ikafungwa kwa heri, Bi Mwanaidi akiwa ameshastaafu kwa wakati wake. Paskali alijenga Muheza. Mimi sikwenda Dar. Nilifungua kiduka cha kuchapa na kutoa nakala, hatua chache kutoka hapa nilipokaa, na watu wakitaka barua ya maana huwa bado wananifuata.

Mchele umekwisha, na nimegundua kwamba nimeurudia mara mbili, mawe yenyewe nimeyachambua upya. Nilimwambia Paskali nimepokea, na ni kweli nilipokea. Nimekaa na habari hizo hapa kibarazani mchana kutwa, nikacheka peke yangu kwa mambo ya mke mdogo na ukoko, na sijalia. Adhana ya alasiri imemalizika sasa hivi. Nimesikia kitanda cha chumba cha kati kikilia, ndara zikiburuzwa, maji yakimiminwa kwenye kopo la udhu.

Nikaingia ndani. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ushungi begani, anatafuta miwani yake iliyo kichwani. Aliniona nimesimama mlangoni, akaanza yeye, kama siku zote, kuuliza nimekula nini, mchele umetosha, mbona nimekaa juani. Nilikuwa na njia ndefu iliyonyooka mbele yangu. Ningeweza kusema Bi Mwanaidi hajisikii vizuri, na mpaka usiku tungekuwa tumefika.

"Mama," nikasema, "Bi Mwanaidi amekufa." Na sauti yangu, iliyokuwa nzima mchana kutwa, ikakatika hapo hapo, nikajikuta nimekaa chini sakafuni nalia kama mtoto wa shule.

Hakushika kifua. Alisema innalillahi, polepole, mpaka mwisho wake. Aliniwekea mkono kichwani akauacha hapo, ukiwa bado una maji ya udhu, tukakaa hivyo mpaka nikatulia. Kisha akaipata miwani yake, akaivaa, akanitazama.

"Haya," akasema. "Sasa nisalimie."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."